Wageni wa Mwezi wa Tetemeko

Kasapa, Lubumbashi
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Hali yako huko Pweto? Goti limepoa, au bado unapanda ngazi za baraza ukijifanya kijana? Mimi ni mzima, baridi ya asubuhi tu ndiyo inayonisumbua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Kitabu chako cha wageni kilifika salama. Dereva alikitia kwenye gunia la samaki wakavu, kwa hiyo ofisi nzima ilijua kwamba Pweto imeingia. Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Ni kuhesabu vitanda, Baba. Mwalimu wetu hapa chuo kikuu anataka kujua tetemeko la ardhi linafukuza wageni kiasi gani, na wanakaa muda gani kabla hawajathubutu kurudi. Basi tumeomba vitabu vya nyumba za wageni za kando ya ziwa. Tunaangalia nani alilala lini, kabla ya ardhi kutikisika na baada yake, kisha tunalinganisha na kule ambako haikutikisika.

Kwa wengine kazi ilikuwa rahisi. Watu wa mjini wanaokuja kuvua kwa starehe na kuangalia mto Luvua ukitoka ziwani waliondoka wiki ileile, kurasa zikabaki nyeupe. Kwako ilikuwa kinyume. Mwezi uliofuata tetemeko nyumba ilijaa kuliko wakati wowote. Mwalimu alivua miwani.

"Mado, hii nyumba ya Pweto, kisha tetemeko batouristes balizidi! Kwengine kote balikimbia. Iko namna gani?"

Nikasema labda umekosea kuandika. Akacheka. "Huyu muzee anaandikaka muzuri. Soma majina, moya moya."

Nikasoma. La kwanza lilikuwa la shangazi, kutoka Kasomeno. Wakafuata wanawake wa kwaya ya Mama, wamejaza chumba namba moja, halafu ukumbi, halafu ua. Na ile safu ya sababu ya safari, ambayo hujawahi kuiacha wazi tangu ulipostaafu ukarani wa reli, haikuwa na neno. Nikatazama tarehe. Zilikuwa siku tisa za kilio cha Mama, tangu tulipompoteza.

Nililia palepale mezani, mbele ya watu. Halafu nikakasirika. Unakumbuka ulichoniambia kwenye simu? "Usikuye, Mado. Barabara iko mubaya, na bantu beko kidogo tu. Tutamuzika kimya." Nikakutii. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ilikuwaje mwanamke aliyepikia nusu ya Pweto akazikwa na watu wachache. Kumbe ua ulijaa siku zote tisa! Najua kwa nini ulifanya hivyo: ungesema kweli, ningepanda lori la kwanza kwenye matope yale. Hata hivyo ilikuwa haki yangu kujua, Baba. Uliniumiza, na sasa nimekwambia.

Mwalimu alinipa pole. Kisha akasema kwa upole, "Bale hapana batouristes, Mado. Ubatoshe." Nikaketi nikawatoa mmoja mmoja kwenye orodha yangu, kitabu chako sikukichora. Walipoisha, kurasa zako zikawa kama za wenzako: wiki baada ya wiki hakuna mtu, ila mnunuzi mmoja wa samaki aliyelala usiku mmoja. Kumbe na wewe tetemeko lilikufukuzia wageni, na hilo nalo hukuniambia. Kila Jumapili nikipiga simu unasema nyumba inaendelea vizuri.

Chini ya ukurasa wa mwisho wa siku zile palikuwa na mstari mmoja zaidi. Nilipokuwa nasoma kwa masista na kurudi likizo, ulikuwa ukiniandika kitabuni kama mgeni yeyote, Mama akicheka jikoni kwamba utanidai na malipo. Mstari huu umeandikwa vilevile. Jina langu. Kutoka: Lubumbashi. Chumba: namba tatu. Sababu ya safari: kurudi nyumbani. Tarehe ya kufika umeiacha wazi. Nimekaa na mstari huo wiki nzima, na kila nikiusoma hasira inapungua.

Dereva nampa barua hii tu. Kitabu nitakileta mwenyewe wiki ijayo, maana barabara sasa ni kavu na mwalimu amenipa ruhusa. Msalimie shangazi akipita hapo na biashara yake, na kaka yangu mkubwa aliyeziba nyufa za ukuta wa jiko. Yule mama anayeongoza kwaya mwambie nimeliona jina lake, siku zote tisa, na ninamshukuru.

Chumba usimpe mtu. Tafuta kalamu inayoandika vizuri, ile tarehe utaijaza wewe.

Ni mimi binti yako,
Mado, wa chumba namba tatu