Kila Siku Namwambia Mama Mkwe Kwamba Mwanawe Amekufa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, ingawa la kujutia nimeshalifanya, na nakuandikia huku nimejifungia kwenye chumba cha cherehani ili mama mkwe asinisikie nikilia, maana akinisikia atakuja kuniuliza nalilia nini, nami nitalazimika kumwambia.

Mimi ni fundi wa kushona, nashona sare za shule na magauni hapahapa nyumbani, na huu ni mwaka wangu wa pili wa ujane. Mume wangu alikuwa fundi umeme, alitoka asubuhi kwenda kazini akapigwa na shoti juu ya nguzo, akaletwa kwetu ndani ya sanduku. Mama yake tulikuwa tunaishi naye, na mwaka uleule akili ikaanza kumpotea, akasahau jina langu, akasahau njia ya chooni, akasahau kwamba tulizika, lakini mwanawe hakumsahau, basi mchana kutwa anakuja mlangoni kuniuliza kama mwanawe amerudi kutoka kazini.

Nimeokoka miaka kumi na mmoja sasa, nafundisha darasa la waongofu wapya, na mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba uongo hata uwe mdogo ni uongo, kwa hiyo kila mama akiuliza namwambia ukweli, kwamba alifariki, na kila nikimwambia analia kama aliyepata habari leo, halafu anasahau, anarudi. Nimeomba uvumilivu mpaka magoti yakafa ganzi, nimefunga siku tatu tatu, mama mchungaji akaniwekea mikono, nikasimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba Bwana ameniondolea hasira, na kweli kwa wiki mbili nilikuwa mpole hata mwenyewe nikajishangaa, nikadhani nimefika.

Jumatano moja mke wa yule mzee wa kanisa alikuja kujaribu gauni lake, nami nimepiga magoti nampimia pindo, pini nimezibana midomoni, mama akaingia kuuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na mara ya sita akanishika bega akanitikisa, pini ikanichoma. Nikazitema zote, nikainuka, nikasema kwa sauti ambayo nadhani ilifika barabarani, "Amekufa! Mwanao amekufa na kuzikwa, na wewe ndiye uliyepaswa kutangulia!"

Hakulia, mshauri. Alisimama pale ameshika fremu ya mlango, akaniuliza taratibu, "Mbona hamkuniambia?" Kisha akaenda chumbani kwake, akatoa nguo yake nyeusi, akajifunga kichwani, akaketi sakafuni kufanya msiba peke yake. Baada ya kama nusu saa alirudi mlangoni, nguo nyeusi bado iko kichwani, akaniuliza kwa adabu kama mwanawe amerudi kutoka kazini.

Yeye kasahau, lakini mteja wangu hakusahau, kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari, mchungaji akaniita ofisini kwake akanitaka nipumzike kufundisha mpaka nitakapokua kiroho, na darasa langu akampa dada mmoja aliyeokoka mwaka jana tu, ambaye husema hasira ilimtoka siku ileile kama mtu aliyevuliwa koti. Nikue mpaka lini? Wifi yangu, dada wa marehemu, haishi mbali, anasema nimpelekee mama, lakini namjua, atamfungia ndani aende zake kazini. Moyo mmoja unaniambia nimpeleke hata kesho, kanisa nalo niachane nalo, nishone nguo zangu kwa amani. Niambie, Mungu ananinyima uvumilivu kwa kosa gani, au niliokoka vibaya?

Mimi mjane, fundi wa sare.

JIBU LA MSHAURI

Mdogo wangu, hukuokoka vibaya. Ulifundishwa vibaya, kisha ukaenda kuwafundisha wengine vivyo hivyo, kwa hiyo hilo darasa liache liende. Aliyesimama kutangaza kwamba hasira imekwisha ni wewe. Ulitaka uvumilivu uje siku moja kama cheti, uutundike ukutani, kazi iishe. Kukua ndani ya Kristo hakuendi hivyo. Kunakwenda polepole mpaka kunaudhi, na anayekua ndiye wa mwisho kuona. Huyo dada wa koti usimwonee wivu. Hajakaa na mama yenu hata asubuhi moja.

Ulichosema Jumatano kilikuwa ukatili, sitakulainishia. Na usijifariji kwamba kasahau, kwa sababu ile nusu saa aliyoketi sakafuni alikuwa anajua. Nenda ukamwombe msamaha. Hataelewa unaomba msamaha wa nini. Omba hivyohivyo.

Halafu, ni nani aliyekwambia kwamba kumuulia mama mtoto wake mara ishirini kwa siku ni utakatifu? Mzee wa kanisa hajawahi kuulizwa swali hilo sebuleni kwake. Mama hatafuti taarifa ya msiba, anakuambia amemkumbuka mwanawe. Akiuliza, mjibu, "Hajarudi, mama. Hata mimi nimemkumbuka." Hapo umedanganya neno gani? Kisha mwombe akusimulie alivyokuwa utotoni, na wewe endelea kushona. Ukishindwa kulitamka hilo la kumkumbuka bila kusimamisha cherehani, basi ujue hasira yako nyingine si ya mama. Ni ya mjane ambaye amekuwa akihesabu dhambi zake mchana kutwa, mumewe hajamlilia.

Mama usimpeleke popote. Mwite wifi yako, mketi ana kwa ana, umwambie huyu ni mama yake mzazi, naye aje kukaa naye hapo kwako siku mbili kila wiki. Wateja wa kujaribu nguo wapange siku hizo. Mpelekeni mama hospitali, kusahau kwa namna hiyo ni ugonjwa na kuna wauguzi wanaojua namna ya kuishi nao. Kanisani nenda, ukae benchi la nyuma, usishuhudie chochote mwaka huu.

Na utamfokea tena, pengine mwezi huuhuu. Siku hiyo usifunge, usiniandikie. Shusha sauti, mwombe radhi, mnawishe uso, mpakulie chakula mle wote wawili. Ukiyafanya hayo mara nyingi sana, watu wataanza kusema umekua. Wewe hutaliona, na mama mkwe wako, aliyekukuza kwa maswali yake, hatakuwepo tena kukuambia.