Kondo la Nyuma ni Kazi ya Baba

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Mumbua, ambaye ni mzima ingawa baridi ya Uingereza imempasua midomo. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika Kanyangi, au ndengu zimekauka tena kama wakati wa ile njaa ya Nikwa Ngwete, watu walipokufa na pesa mkononi? Mimi nakula nashiba, ila viazi vya huku vimenichosha kabisa.

Kabla ya habari nyingine nauliza jambo moja. Yule mbuzi wa kumkataa Mwende ameshapelekwa kwao? Kama bado, Mwaitu, mbuzi huyo asitoke hapo nyumbani. Kama ameshafika, tuma mtu amrudishe leo, kabla wazee wa kwao hawajasema ndoa imekwisha. Najua katika barua iliyopita niliandika kwamba kaka yangu Mutua bado ni kijana, amwache mke huyu atafute mwingine. Nilikosea. Nimeona kitu huku kilichonitoa jasho katika baridi hii, na nataka ukisikie chote.

Unajua kazi yangu ni kutunza panya. Cheka, lakini ndio wanaonilisha. Ni panya weupe, mamia, kila kizimba kina kadi ya ukoo: mama ni nani, baba ni nani, jike alipandwa siku gani. Nawabadilishia maranda, nawapa maji, na asubuhi natafuta majike waliopandwa. Hao nampelekea bosi wangu, mama mmoja mpole ambaye ni daktari wa mambo ya uzazi. Huyo hutoa mayai yao na kuyafanyia kazi chini ya hadubini kwa sindano nyembamba kuliko unywele.

Juma lililopita aliniita nitazame. Ndani ya yai moja niliona viini viwili vimekaa pamoja kama mbaazi kwenye ganda, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Yeye hunyonya kimoja na kuweka kingine mahali pake, mpaka yai linakuwa na viwili vya mama tu, au viwili vya baba tu. Halafu hulipandikiza tumboni mwa panya mwingine, akangoja.

Alinionyesha alichopata. Lenye viini vya mama viwili lilianza kuumba mtoto, mdogo lakini ana umbo, ila kondo lake la nyuma lilikuwa hafifu, likashindwa kumlisha, akafa. Lenye viini vya baba viwili, kondo lilistawi kwelikweli na mtoto karibu hayupo. Wewe umezalisha nusu ya Kanyangi, umezika makondo mangapi kando ya nyumba za watu, na siku zote ulituambia, "Kondo ni kitu ya mama. Baba hajui hata inakaa wapi." Kumbe sehemu ya baba ndiyo inayolihimiza lote likue. Mungu aliwagawia wazazi wawili kazi mle ndani, padogo pasipoonekana kwa macho, na sisi tumeishika kazi hiyo mikononi miaka yote bila kujua. Mwaitu, niliogopa, ule woga wa mtu anayeingia kanisani akakuta maombi yameanza.

Ndipo nikakumbuka barua yako. Tumbo la Mwende lilikua upesi kuliko miezi yake, akatokwa na damu, na hospitalini kikatoka kitu kama mayai ya chura kwenye maji ya silanga, lile bwawa letu. Ulisema, "Huyu amezaa kitu haina kichwa wala miguu. Hiyo ni laana ya kwao." Nilimweleza bosi huku nikiona haya. Akaweka kalamu chini.

"Hiyo tunaijua," akasema. "Mara nyingi yai huwa limepoteza kiini cha mama, na vyote vilivyomo vimetoka kwa baba. Kondo linakua peke yake, hakuna mtoto. Hakuna aliyefanya kosa."

Nikauliza, basi ni kosa la mume? Akasema hata yeye hana kosa, hutokea tu, na wengi huja kupata watoto wazima. Lakini hili ulishike sana: Mwende arudi hospitali apimwe mara kwa mara, na asibebe mimba nyingine mpaka daktari amruhusu, kwa sababu mabaki ya kondo lile yanaweza kuendelea kukua na kumdhuru. Mwambie Mutua avumilie.

Nilirudi chumbani kwangu na furaha, nikaitoa barua yako niisome upya. Hapo moyo ukanipasuka. Mwandiko ni wa Mwende, zile herufi zake za kuinama, ambazo nimezizoea mpaka sizioni tena. Wewe hukwenda shule, na Mutua yuko gereji Makindu mpaka mwisho wa mwezi. Ni yeye aliyeandika kila neno ulilomtamkia, hata lile la laana. Na jibu langu la kutaka afukuzwe, alikusomea kwa mdomo wake.

Msalimie Mutua akija. Msalimie shangazi yangu wa Nunguni, na mchungaji wetu anayeniombea. Mwende simtumii salamu kupitia kwako. Mwende, najua ni wewe unayesoma sasa. Usiruke mstari huu, na usome kwa sauti Mwaitu asikie: nilikukosea, nisamehe.

Mwaitu, mwanamke akijifungua kwetu hupikiwa supu. Mwende hakupikiwa, kwa sababu hakuwa na mtoto wa kuonyesha. Yule mbuzi mliyemtenga mchinjeni, na supu umpikie wewe mwenyewe.

Ni mimi, binti yako na wifi yake,
Mumbua