Matanga ya Mtu Aliye Hai

Jumatatu, 1 Agosti. Mbale

Abiria kumi na mmoja leo. Mpaka Busiu mara mbili. Mmoja mnene kama gunia la mahindi, na hakuna kilima kilichonishusha kwenye baiskeli. Wenzangu wa stendi wanajua: kuna wao, halafu kuna Swaibu.

Ijumaa namwoza dada yangu Zubeda. Naandika tena kwa sababu inapendeza: mimi niliyeacha shule darasa la tano ndiye walii, msimamizi wa ndoa yake. Baba alikufa vitani, Mama alitangulia, baba wadogo hatuna. Mwanamume wa nyumba hii ni mimi. Nimemwambia Hamisi, bwana harusi, fundi cherehani wa Nakaloke, kwamba asiponiamkia vizuri nitakataa. Ana miguu kama sindano zake. Zubeda kanitupia mwiko. Umenikosa.

Jumanne, 2 Agosti



Baba yuko hai.

Shehe alikuja alasiri kuandika majina. Akauliza jina la baba wa binti. Nikajibu kwa sauti nzito, ya mtu mkubwa: marehemu Rajabu. Shangazi Mastula, dada yake Baba, aliyetulea, alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Shehe, usiandike marehemu. Nilidanganya askari, nikadanganya mtaa mzima. Nikaha siwezi kuidanganya."

 Baba akiwa hai, mtoto hawezi kujifanya walii. Ndoa ingekuwa batili. Shangazi kachagua aibu kuliko hiyo.

Yuko Yei, Sudan. Miaka tisa. Shehe kasema bila neno la baba mwenyewe, Ijumaa hafungi kitu. Shangazi anasema aliomba neno hilo miezi miwili iliyopita, kwa siri. Likija, litakuja na lori la tumbaku kutoka Arua mpaka kiwandani Jinja. Alhamisi. Labda.

Nilikula nyama ya matanga yake. Nilikuwa na miaka minane. Nililia mpaka nikatapika.

Jumatano, 3 Agosti

Sikufanya kazi. Nilimkalia Shangazi mpaka akasema yote.

Serikali ilipoanguka, watu walitafuta kila aliyevaa nguo za jeshi. Baba alikuwa dereva tu wa lori la kambi, lakini nani angeuliza? Alipofika mpakani alituma neno moja kwa Shangazi: nililieni. Shangazi akachinja mbuzi, akatandika mikeka, akaita jirani wote, hata waliotuchukia. Matanga bila maiti. Wakati ule yalikuwa mengi.

Siku ya tatu walikuja watu na mapanga na debe la petroli, wanamtaka Rajabu. Wakakuta Kurani inasomwa na mimi nalia. Machozi ya kweli. Wakavua kofia. Mmoja akala. Wakaondoka na petroli yao, na nyumba iliyoungua jioni ile ni ya nyuma yetu.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyewadanganya. Bila kujua.

Nina hasira. Baba gani anakuacha ulie miaka tisa? Nilidhani Zubeda atapiga kelele. Hakupiga. Aliuliza kitu kimoja: Baba anajua kwamba wale watu walifika hapa? Shangazi akasema anajua. Basi, Zubeda akarudi kumenya vitunguu. Nikamwambia hana moyo. Akaendelea kumenya. Ingekuwa afadhali anitupie tena mwiko.

Alhamisi, 4 Agosti. Jinja

Basi la alfajiri. Vizuizi viwili njiani. Afande mmoja kaniuliza naenda kufanya nini, nikamwambia mambo ya harusi. Akadai pilau yake. Nikamwahidi paja zima la kuku. Mdomo wangu bado unafanya kazi, mwili wote haufanyi.

Nje ya kiwanda tangu saa tatu. Saa sita, hakuna. Saa tisa, hakuna. Mlinzi anasema vita vya Sudan vimeziba njia. Nikamwambia sijali. Halafu nikashtuka kwamba kila lori likikata kona nasimama.

Lilifika saa kumi na moja. Sikuwa nimesema jina. Dereva aliniangalia akicheka: "Wewe ni wa Rajabu. Masikio yale yale."

Hakuna aliyewahi kuniambia. Niliyashika masikio yangu pale barabarani kama mjinga.

Barua imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ina alama za vidole gumba vya mashahidi wawili. Fupi. Kama Zubeda mwenyewe amemridhia Hamisi, nami nimeridhia. Wakala wangu ni mwanangu Swaibu.

Kanichagua mimi. Siku mbili nzima nilikuwa namtukana.

Ijumaa, 5 Agosti. Mbale

Ndoa imefungwa.

Baada ya sala nyumba ilijaa. Jirani walewale waliokula mbuzi. Shehe alitaka barua aisome chumbani tu, mbele ya mashahidi, mambo yaishe kimya. Zubeda kakataa, tayari kavaa, mikono imejaa hina. Shangazi kamshika, kamnong'oneza kwamba watatuita waongo mpaka kufa.

"Walikuja kumlilia," Zubeda akasema. "Leo wakae wasikie ameniozesha."

Shehe akaisoma nje, kwa sauti.   Niliona mtu mmoja anahesabu miaka kwa vidole.  Nikatafuta mlango kwa macho.

Halafu mzee mmoja wa nyumba ya mbele akasema kumbe mbuzi yule walimla bure. Mke wake akamjibu kwamba yeye alikula kwa watu wawili, anyamaze. Wakacheka. Shangazi ndiye aliyelia.

Zamu yangu. Mimi ninayesikika soko zima, sauti ikatoka kama ya kifaranga. Kwa wakala wa baba yangu Rajabu, nimekuozesha. Hamisi alikubali kabla sijamaliza.

Jumapili, 7 Agosti. Nakaloke

Nilienda kumwamkia bi harusi. Alikuwa na karatasi tayari. Kuandika ananitegemea mimi. Yeye aliacha shule kabla yangu, wakati ule wa vita, ili amsaidie Shangazi kunilea. Hilo sikuwahi kuliwaza.

Akasema niandike hivi, nisiongeze maneno yangu ya sokoni:

"Baba. Nilikuwa na miaka kumi na moja, niliiona petroli. Ulikubali kuzikwa ili mimi nilale. Asante. Hamisi ni mtu mpole. Asante."

Nikauliza, hayo tu? Akasema ndiyo, akaenda kutazama chai.

Chini ya karatasi palibaki nafasi.  Nikaandika: Swaibu hapa. Bado nina hasira na wewe. Njoo tu.

Sikumwonyesha. Nikaikunja. Tukanywa chai.