Picha za Kila Saa na Ngombe ya Nicole

Mama Agathe mupendwa, mushauri wetu wa radio, nisaidie, nakuandikia nikicheka lakini hiki kicheko kinaweza kuniondolea ushefu wangu wa kazi.

Mimi ni Kataliko wa Bweremana, miaka makumi mbili na mbili, secondaire nilifika ya pili, ya tatu niliiacha mwenyewe kwa heshima, walimu wangali wananiulizia, na Papa Edmond, mufanya biashara wa Butembo, alinipa kuongoza watu wake kwa telefone tu: dada Léontine ananunua maharagi kule juu Masisi, Katembo anakusanya mafuta ya mawese Walikale, na mimi niko hapa depo kando ya ziwa, rezo ya telefone iko mingi, nawaamuru kwa kidole gumba kama jenerali. Basi nikajiuliza, muntu simuoni, nitajuaje kama anatumika? Nikapitisha sheria kwenye kundi yetu ya WhatsApp: kila saa picha yako ukiwa kazini, asiyetuma amelala.

Katembo alinung'unika, akatuma. Léontine alituma vizuri kabisa, saa mbili, saa tatu, saa ine, kila mara kitambaa kingine kichwani, nikamusifu mbele ya wote, "Angalieni dada, njo kazi hiyo!", mpaka siku moja nikaona nyuma yake, kwenye kila picha, ngombe moja, sikio nyeupe, mguu moja mbele, haijasogea tangu asubuhi. Mimi mwenye macho ya tai nikaandika: "Dada, na hii ngombe nayo tumeiajiri?"

Jioni akajibu kwa sauti, na hiyo sauti, Mama, hata wabeba mizigo wa depo waliisikiliza: "Shefu, sokoni kwetu rezo hakuna. Kupanda kilima ni saa nzima, kushuka saa nzima, sasa maharagi atanunua nani? Napanda asubuhi na vitambaa vyangu nane, napiga picha zako zote, telefone naiachia mudogo wangu Nicole mwenye kuchunga pale juu, anakutumia moja moja. Ngombe ni yake. Na useme, Ijumaa gani kamio yako ya mizigo ilipanda huku ikakosa maharagi?"

Hata moja, Mama! Katembo akatuma kwenye kundi vile vichwa vidogo vya ngombe vya WhatsApp, makumi mbili, nikacheka mpaka nikashika ukuta, lakini nikaandika kikubwa: "Mimi njo shefu, sheria inabaki." Léontine akatoka kwenye kundi. Sasa ananinyamazia, Katembo amesema dada asiporudi naye anatoka, na Ijumaa kamio inapanda Masisi. Nikiomba samahani, ushefu wangu utabaki wapi?

Kataliko, shefu (kwa sasa)

*

Kataliko mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa jirani, tumecheka mpaka machozi. Sasa nyamaza kidogo.

Magunia yalikuwa yanafika yamejaa, na wewe unahesabu vitambaa! Hiyo rezo unayojivunia umeikuta hapo Bweremana, hukuileta wewe. Katika barua yote hakuna mahali ulimuuliza Léontine, "Dada, kwako kazi inaendaje?" Macho ya tai, yakaona ngombe, yakakosa kuona kilima!

Lakini ulicheka, na shefu mwenye kujicheka bado anaweza kupona.

Leo hii futa ile sheria mbele ya kundi, kwa sauti yako, na useme neno samahani lenyewe bila kulizungusha. Hiyo sauti itume pia kwenye telefone ya Léontine, Nicole ataishusha sokoni. Ijumaa usibaki depo. Panda na kamio, ushinde sokoni na Léontine, ubebe gunia ukiambiwa, ufunge mudomo ukiambiwa. Yeye njo achague saa ya kukupa habari, mara moja kwa siku, saa ambayo miguu yake inapita juu. Katembo naye muulize, Walikale iko na pori yake na mvua yake. Wewe ukipiga simu, swali la kwanza liwe "Umekwama wapi, nikusaidie?" Siyo "Uko wapi?" ya kumukamata mwizi.

Ushefu wako hautapotea, utahema tu kwa kupanda. Na ukifika juu ya kile kilima, Nicole akupige picha moja, umesimama karibu na ngombe, unitumie. Nataka kuona nani kati yenu wawili amechoka.