Kikosi Kimerudi

Ifakara, Jumanne.

Makosa ya upatanisho wa kisarufi siyavumilii. Mjukuu wangu Anna anatafsiri katuni ya makomando wanaopigana bega kwa bega na mashujaa wenye nguvu za ajabu. Leo jioni alinisomea: "Kikosi wamerudi."

"Kikosi kimerudi," nikamsahihisha.

"Shikamoo, sarufi! Babu, hapa wawili wameuawa. Bado kimerudi?"

"Kimerudi."

"Basi hiyo 'ki' inaficha watu."

Hilo limenikera mpaka sasa. Baba yake, mwanangu Festo, ni askari mpakani. Mchana redio ilitangaza kwamba kikosi chao kimerudi kambini. Sentensi haikuwa na kosa, nami nikaridhika.

Mke wa Festo yuko Malinyi kwenye mavuno. Sijamwambia lolote, kwa sababu simu ya Festo haipatikani.