Kisahani Alichoondoka Nacho Mama

Karakana ya Plastiki,
Kombani, Kwale.
14 Machi 2025.

Mpendwa Kaka Ngala,

Shikamoo. U hali gani huko Thika, na kile kifua kimepata nafuu? Shemeji Joan na watoto je? Sisi wa huku tu wazima wa mwili. Moyo wangu ndio hautulii. Nimeiacha mashine mara tatu leo nije kuandika barua hii.

Wajua pampu ya mkono ya kwetu iliharibika kile kisahani kinachozuia maji yasirudi chini. Mama alishuka siku ya soko, akanikuta kazini, akataka nimtengenezee. Nilijua nilipaswa kukitengeneza na kungoja kipoe. Lakini gari la kurudi lilikuwa linaondoka alasiri, na kumwacha Mama arudi mikono mitupu mbele ya wenzake sikuweza.

Basi nikayeyusha vilivyokuwapo: madumu na maboya yaliyookotwa ufuoni Bodo, yamepigwa jua hadi yakapauka. Nikavichanganya, nami najua havipatani. Kisahani kikatoka kwenye kalibu, nikakipima kingali moto. Kilikuwa sawasawa. Mama akakifunga kwenye leso kikiwa vuguvugu, akakionyesha kituo kizima.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba plastiki hupimwa ikishapoa. Kisahani cha pili, nilichokitoa siku ileile kwa kalibu hiyohiyo, nilikipima kesho yake asubuhi. Kimesinyaa unene wa ukucha, na ukingoni kina ufa. Nikampigia Mama simu, akasema pampu inafanya kazi vizuri. Nikafurahi kama mjinga.

Jumatatu akapita jirani yetu Mwinga, akanieleza ukweli. Pampu ilitoa maji siku moja tu. Wiki mbili sasa wanawake wanakwenda bwawani, na Mama miongoni mwao, na goti lake lile. Fundi alitaka kuifungua, Mama akamkatalia. Amewaambia watu wote: "Kitu cha mwanangu hakina kasoro. Kisima ndicho kimekauka." Nao wamemwamini, wameanza kuchimba kingine.

Kaka, nimelia. Nimetoa kisahani kipya, cha madumu peke yake, kimelala siku mbili na kipimo hakijabadilika. Kesho ninakipeleka mwenyewe. Kukifunga si kazi; kazi ni kuwaambia wale wanaochimba kwamba kosa lilikuwa langu.

Nisalimie Shemeji Joan, na mwanenu Austine mpe pole ya mitihani. Mola awafunike nyote kwa rehema zake. Nami niombee nikifika pale kisimani, Mama akiniangalia, nisinyamaze.

Ni mimi dadako nikupendaye,
Chiku