Mwanambuzi Aliyezaliwa Kimya

Akiru mjukuu wangu,

Ejok, hujambo? Huku Lodwar sisi wazima. Mvua imetupita kando tena, na mama yako amerudi Kakuma kuuza samaki wakavu.

Uliniuliza kwa simu kama niliogopa siku ile kanisani, walipotufundisha kuamsha moyo uliosimama. Sikuogopa. Nilichanganyikiwa, na mpaka leo bado.

Mwalimu alilaza mtu wa plastiki sakafuni, akasema, "Mama, kandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka." Kisha akafungua mashine ya kushtua moyo, ikasema yenyewe tusimguse mgonjwa. Nikauliza, "Sasa nimsikilize nani, wewe au hii?" Wenzangu wakacheka. Kumbe mashine inapima moyo kwanza. Ikimaliza, mikono inarudi kifuani.

Hapo nikakumbuka usichana wangu, tukichunga karibu na Kalokol. Mwanambuzi alizaliwa kimya. Mama akampangusa pua, akampulizia pumzi, akamsugua mbavu hadi akalia. Mwaka huohuo wavuvi walimtoa mjomba wangu ziwani, kimya vilevile. Tulisimama tukimtazama, hata mama. Hakuna aliyemgusa.

Mbona mbuzi tulimpigania, na mtu tukamlilia tu? Nimejiuliza tangu siku hiyo ya kanisani. Labda hata pumzi zisingemsaidia.

Lakini ukinikuta nimeanguka, Akiru, na sipumui, usianze kulia. Ita watu, piga magoti, weka mikono kifuani. Kulia kutakungoja.

Nyanya yako wa Lodwar